Kibao cha Kusimamia Mtini: Jinsi ya Kupima Nguvu Zake

Msimu wa karafuu unapofika katika Pemba, watu wengi huacha kazi zao za siku zote wakaingia mashamba kuchuma. Majamvi hutandikwa, madago hupigwa karibu na miti, na vijana hupanda juu tangu asubuhi hata jua kuchwa. Ni msimu wa furaha, kwa kuwa ni msimu wa fedha. Walakini ni msimu wa vilio pia, kwa maana ni nadra mwaka kupita bila ya kusikia kwamba fulani ameanguka mkarafuuni, huyu amevunjika mguu, na yule amevunjika mgongo asiweze kusimama tena.

Watu wanapoletewa habari hizi aghalabu husema, "Ajali haina kinga." Neno hili ni la kweli kwa mambo ambayo mwanadamu hawezi kuyajua kabla hayajatokea. Lakini kamba iliyolika yaweza kujulikana kabla haijakatika, na ubao uliooza waweza kujulikana kabla haujavunjika. Mtu akivipanda vitu hivyo bila ya kuvipima, kisha akaanguka, hatuwezi kusema kwamba hapakuwa na kinga. Kinga ilikuwako, ila haikutumiwa.

Kwa hiyo twataka leo kuwaeleza masheha, walimu na wasomaji wetu wote jinsi ya kupima nguvu ya kibao chepesi cha kusimamia mtini, kabla ya mtu kukitia mguu. Hapatakiwi mashine wala fedha nyingi. Vyatakiwa madumu ya maji, kamba, kijiti, kipande cha makaa, na uvumilivu wa saa moja au mbili.

KWA NINI TWAANZA NA FUNDO

Fundo ni kisiwa kirefu chembamba cha mawe ya matumbawe, kilichoko magharibi ya Pemba katika Wilaya ya Wete. Wakazi wake ni watu wa bahari. Tumechagua kuanza nao kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba mtu wa kisiwa kidogo akivunjika, taabu yake ni mara mbili ya taabu ya mtu wa mjini. Hapana barabara itokayo Fundo kwenda hospitali ya Wete, iko bahari. Majeruhi hana budi kuchukuliwa hata pwani, kutiwa chomboni, kuvushwa, kisha kutolewa chomboni na kuchukuliwa tena. Ikiwa mgongo wake umevunjika, kila mara anapoinuliwa vibaya aweza kudhurika zaidi kuliko alivyodhurika kwa kuanguka.

Sababu ya pili ni ya heri. Watu wa Fundo wanajua kamba. Katika lugha yetu fundo ni mahali kamba inapofungwa, na mvuvi yeyote ajua kwamba chombo chake na roho yake vimetegemea mafundo. Hapana nahodha mwenye akili atiaye nanga penye mwamba kwa amari asiyoijua umri wake. Huipitisha mkononi pima kwa pima, akaitazama mahali iliposuguliwa na jiwe, na akiona nyuzi zimekatika huitoa. Ajabu ni kwamba mtu huyu huyu, akienda shamba kuchuma karafuu au akipanda mnazi wake mwenyewe, aweza kuichukua ile amari aliyoikataa chomboni akaifunga mtini na kuisimamia. Bahari amezoea kuiogopa, na mti amezoea kuudharau. Maneno yetu yote ya leo ni kumwomba autendee mti kama anavyoitendea bahari.

KIBAO CHENYEWE NI KITU GANI

Wazee wetu walijua tangu zamani kumwinua mtu juu ya ardhi. Katika mabonde ya mpunga walijenga ulingo, au dungu, ili mlinzi akae juu awafukuze ndege na kima. Katika minazi walikata vidato, mkwezi akapanda kwa miguu na mikono. Katika mikarafuu desturi ni kutumia ngazi kwa kuanzia, kisha mchumaji husimama juu ya tawi lenyewe na kuvuta vitawi kwa upembo.

Hapo ndipo penye hatari. Karafuu hazizai karibu na shina. Vikonyo vyake hutoka katika ncha za vitawi, na mkarafuu uliokua hufika mita 10 hata 15 kwenda juu. Mti wake ni mkavu wa tabia: haupindi kwa muda mrefu ukampa mtu onyo, bali hukatika mara moja. Basi mchumaji hutoka penye unene akaenda penye wembamba, na kila hatua anayokwenda, tawi lapungua nguvu na mzigo wake wazidi kulemea.

Kibao cha kusimamia hukusudiwa kumweka mtu karibu na shina, penye nguvu, aweze kusimama kwa miguu miwili na kuvuta vitawi kwa upembo mrefu. Kimetengenezwa hivi: kiko kigongo kimoja kinachosimama kikigusa shina la mti, chini ya kigongo hicho umetiwa ubao mdogo uliolala, kiasi cha sinia, wa kukanyaga. Kamba hufunga kigongo na shina kwa upande wa juu, na kamba nyingine mbili hutoka juu ya kigongo zikazishika pembe za mbele za ubao.

Vitu vya namna hii vimeenea sana katika Marekani kwa wawindaji wa mishale. Hao hupanda mti wakiwa wamevaa mkanda mpana wa mapajani na kiunoni, wakaufunga mkanda huo shinani kwa kamba, na miguu yao ikakanyaga kibao kidogo cha aluminiamu. Kwa kuwa huenda mwendo mrefu msituni wakiwa wamebeba vitu vyao mgongoni, hutaka kibao kiwe chepesi iwezekanavyo. Hapo wakaingia katika swali lile lile linalotupata sisi: kitu kikipunguzwa uzito, nguvu zake zimebaki kiasi gani? Wao hawakutosheka kujibu kwa kubahatisha. Watengenezaji wa vitu hivyo wamejiwekea kanuni za kuvipima, na vibao vyao vingi huandikwa uzito vinaoruhusiwa kubeba. Uzito wa kibao ni adui wa mpandaji, twakubali. Lakini wepesi usiopimwa ni adui mkubwa zaidi.

MAMBO MANNE YANAYOKIVUNJA KIBAO

Kabla ya kupima ni lazima mtu ajue anapima nini.

La kwanza ni unene na urefu wa ubao. Mbao mbili zikiwa sawa kwa urefu na unene, na moja ikawa na upana mara mbili, nguvu zake ni mara mbili. Lakini moja ikiwa na unene mara mbili, nguvu zake ni mara nne. Na ukiurefusha ubao mara mbili baina ya mahali uliposhikiwa, nguvu zake hupungua nusu. Basi anayetaka kupunguza uzito apunguze urefu na upana kwanza, asiguse unene. Watu wengi hufanya kinyume chake. Huuranda ubao uwe mwembamba ili uwe mwepesi, na kumbe wameondoa nguvu nyingi kuliko uzito.

La pili ni mahali mguu unapokanyaga. Kibao kilichofungwa shinani ni kama wenzo. Tuseme mtu na mzigo wake wana kilo 80, naye amekanyaga sentimita 40 kutoka shinani. Ikiwa kigongo kina urefu wa sentimita 40 kutoka ubaoni hata penye kamba ya juu, kamba hiyo itavutwa kwa nguvu ya kilo 80. Lakini kigongo kikikatwa kikawa cha sentimita 20 tu, kamba ile ile itavutwa kwa nguvu ya kilo 160, ingawa mtu hakuongezeka uzito hata kidogo. Kwa hiyo kigongo kifupi na ubao mrefu ni ndugu wawili wabaya. Tena kibao kinaweza kuonekana imara mtu akisimama karibu na shina, kikang'oka mara anapotanguliza mguu ukingoni kufuata tawi lenye karafuu nyingi.

La tatu ni ghafula. Mtu ashike mizani ya kuning'inia ya sokoni, na jiwe la kilo 5 liwekwe taratibu. Mshale utasimama penye 5. Kisha jiwe liondolewe, liguse tu ndoano ya mizani, na kuachiwa mara moja. Mshale utapita 5, utakaribia 10, ndipo urudi. Mtu naye ni hivyo hivyo. Akishusha uzito wake wote kwa mara moja juu ya kibao, hata bila ya kuruka, kibao hupata kwa kitambo kidogo nguvu kama mara mbili ya uzito wake. Akiruka, huzidi hapo. Hii ndiyo sababu kubwa ya kusema kwamba kibao kinachobeba mtu mmoja tu, wala hakina ziada, si kibao cha kupandia.

La nne ni uchovu na umri. Ubao hupata ufa, huliwa na mchwa, huoza penye msumari kwa sababu maji hukaa hapo. Chuma hula kutu, na hewa ya pwani huongeza kutu. Aluminiamu haili kutu kama chuma, lakini huchoka: chukua waya, uukunje na kuukunjua mara nyingi, nao utakatika ingawa hukuuvuta kwa nguvu. Kamba za nailoni na za namna yake hupoteza nguvu kwa kuchomwa na jua, na zile nyepesi za rangi zinazoelea majini hudhoofika upesi zaidi. Kamba iliyofanya kazi baharini huingiwa na mchanga ndani, na punje za mchanga hukata nyuzi kwa siri kila kamba inapovutwa. Kwa nje yaonekana nzima, na kwa ndani imekwisha.

NAMNA YA KUPIMA

Sasa twaja katika kazi yenyewe. Twashauri ifanywe kwa utaratibu huu, wala hatua moja isirukwe.

1. Kutazama. Kibao kichukuliwe mwangani. Ubao ugongwe kwa kijiti pande zote. Mahali penye uzima hulia, na mahali palipooza hutoa sauti ya uziwi. Ubao wenye jicho kubwa katikati au ukingoni ukataliwe, kwa kuwa hapo nyuzi za mti zimekatishwa. Kamba ipitishwe mkononi yote na kufunguliwa kidogo msoko wake hapa na pale, ionekane ndani. Ikitoka unga au nyuzi fupi fupi, isitumike. Mafundo nayo yatazamwe: kamba yenye fundo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake mahali pa fundo, pengine theluthi na pengine hata nusu. Kitanzi kilichofanywa kwa kusuka ncha ndani ya kamba ni bora kuliko kitanzi cha fundo, na mabaharia wetu hawahitaji kufundishwa kazi hiyo.

2. Kuhesabu mzigo. Apimwe mtu mzito kuliko wote watakaotumia kibao, si mwepesi. Uongezwe uzito wa kikapu kilichojaa, nguo na upembo. Tuseme mtu ni kilo 65, na vitu vyake kilo 15. Jumla ni kilo 80. Mzigo wa kupimia uwe mara mbili ya jumla hiyo, yaani kilo 160.

3. Kufunga chini. Kibao kifungwe katika shina la mti ulio sawa na ule utakaopandwa, lakini kiwe juu ya ardhi kwa shubiri mbili tu. Kifungwe kwa kamba zile zile na mafundo yale yale yatakayotumiwa juu. Mtu asipime kwa kamba mpya akapanda kwa kamba kuukuu. Watoto waondolewe, na asiwepo mtu atiaye mguu au mkono chini ya kibao.

4. Kutia mzigo kidogo kidogo. Dumu la lita 20 likijazwa maji hupata kilo 20 na zaidi kidogo kwa uzito wa dumu lenyewe. Fundo pasipotakiwa kupoteza maji matamu, maji ya bahari yafaa vile vile. Ni mazito kidogo kuliko maji matamu, na uzito huo mdogo ni wa upande wa usalama. Basi kwa kilo 160 yatakiwa madumu manane. Kwa kuwa kibao ni kidogo, madumu machache yawekwe juu yake na mengine yaning'inizwe kwa kamba fupi chini ya ubao, ila yasiguse ardhi. Kabla ya dumu la kwanza kijiti kisimikwe mbele ya kibao, na alama itiwe kwa makaa mahali ukingo ulipo. Kila dumu likiongezwa, alama nyingine itiwe. Alama zikishuka kwa kiasi kile kile kila mara, ni dalili njema. Ikiwa dumu moja limeshusha ukingo kwa ghafula kuliko yaliyotangulia, au umesikika mlio wa kupasuka, kazi isimamishwe.

5. Kungoja. Mzigo wote ukiisha kutiwa uachwe saa nzima. Viko vitu vinavyobeba kwa dakika moja na kushindwa kwa saa moja, hasa kamba zinazonyooka polepole na mafundo yanayoteleza.

6. Kuondoa na kulinganisha. Madumu yaondolewe, na ukingo utazamwe kama umerudi katika alama ya kwanza. Kamba mpya hunyooka kidogo mara ya kwanza kwa kukaza mafundo yake. Kwa hiyo zikazwe, na jaribio lirudiwe. Ikiwa mara ya pili pia ukingo haukurudi, kibao hicho kimeumia ndani. Hakikuvunjika leo, lakini kimekwisha kutoa habari yake. Kisipandwe.

7. Kupima ukingo. Mzigo wa mtu mmoja, yaani kilo 80 katika mfano wetu, utundikwe katika pembe moja ya mbele peke yake, kisha katika pembe ya pili. Hapa ndipo vibao vingi vinavyosifiwa huonyesha aibu zao, kwa kugeuka upande au kuteleza shinani. Ni afadhali vigeuke na dumu la maji kuliko kugeuka na mtoto wa mtu.

8. Kuvunja kimoja. Fundi akitengeneza vibao vitano au sita kwa mti mmoja na kipimo kimoja, na akitoe kimoja kitiwe mzigo mpaka kivunjike. Tunajua watu watasema huku ni kuharibu mali. Lakini kibao kimoja kilichovunjika mbele ya watu kimewafundisha mambo mawili ambayo vingine haviwezi kuyafundisha: kwanza, ni mzigo gani unaokishinda, pili, ni mahali gani kinapoanzia kushindwa. Fundi akiisha kupajua mahali hapo atapatia nguvu, na vibao vilivyosalia vitakuwa bora.

MTI WENYEWE

Kibao kikiwa kizima na mti ukawa mbovu, kazi yote ni bure. Kibao kifungwe katika shina au tawi kubwa lililo hai, wala si katika tawi lililokauka, hata likiwa nene. Katika mikarafuu pana panda, mahali shina linapogawanyika. Ikionekana ufa au maji meusi yakitoka pandani, upande huo usipandwe, kwa maana hupasuka kwa kulemewa. Mkarafuu uliokufa usipandwe kabisa. Baada ya mvua mtu angoje shina likauke, kwa kuwa kamba huteleza juu ya gome lililorowa, na majaribio yaliyofanywa kwenye gome kavu hayawezi kushuhudia kwa gome lenye maji.

Twakumbusha jambo jingine. Wengi wataona kwamba mti ulio karibu wa kutengenezea vigongo ni mkoko, kwa sababu ni mgumu na umenyooka. Ijulikane ya kuwa mikoko ya Zanzibar imehifadhiwa kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 1996, wala haikatwi bila ya ruhusa. Mtu asiokoe mguu wake kwa kuiharibu pwani inayomlisha samaki.

KAMBA YA KIUNONI

Kibao kilichopimwa hakimfanyi mtu kuwa ndege. Pamoja na kibao, mpandaji hana budi kuwa na kamba ya pili inayomfunga yeye mwenyewe katika shina. Kibao ni cha kusimamia. Kamba hiyo ni ya kuishi.

Kamba hii ifungwe juu kuliko kiuno, na isiwe na ulegevu mwingi. Sababu yake ni hii: mtu wa kilo 80 akianguka mita 1 kabla ya kamba kumkamata, na kamba ikamsimamisha katika sentimita 25, nguvu inayompata yeye na kamba ni kiasi cha kilo 400. Ulegevu ukiwa sentimita 25 tu, nguvu hiyo ni kiasi cha kilo 160. Kwa kufupisha kamba tumeondoa zaidi ya nusu ya balaa, wala hatukutumia fedha. Kwa hali hii pia kamba ya kubebea mtu haitoshi kuwa na nguvu mara mbili ya uzito wake. Mafundi wanaofanya kazi juu hutaka iwe aghalabu mara kumi au zaidi. Kamba ya namna hiyo inunuliwe mpya kwa kazi hiyo tu, isifungie ng'ombe wala kutekea maji.

Ni bora mkanda upite mapajani na kifuani, usiwe kiunoni peke yake, kwa maana kamba nyembamba ya kiunoni yaweza kumdhuru mtu tumboni inapomkamata. Na mtu akining'inia baada ya kuponyoka ashushwe upesi; kuning'inia muda mrefu bila ya kujitikisa ni hatari kwa mwendo wa damu. Kwa hiyo mtu asichume peke yake shamba zima likiwa kimya. Chini awepo mwenziwe, na iwepo ngazi.

Ikiwa ameanguka, asiinuliwe kwa kushikwa makwapa wala asikalishwe. Alazwe juu ya ubao mpana au mlango, kichwa na shingo visigeuzwe, afungwe kwa vitambaa asitikisike, ndipo achukuliwe. Watu wa visiwani wayashike zaidi maneno haya kwa ajili ya safari ya chombo.

WAJIBU NI WA NANI

Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Tangu wakati huo Pemba ndiyo imekuwa ghala ya karafuu za visiwa hivi, na faida yake imewafikia wengi: wenye mashamba, wafanya biashara, na serikali moja baada ya nyingine. Lakini hatari ya kupanda imebaki juu ya bega la mtu mmoja, naye ni mchumaji, ambaye hulipwa kwa kadiri ya alichochuma na kwa hiyo huharakisha. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar limewahi kuwalipa fidia wachumaji walioanguka, na hilo ni jambo jema. Walakini fidia huja baada ya mguu kuvunjika, wala hairudishi mgongo uliokatika.

Kwa hiyo twaona si haki kumwachia mchumaji peke yake kazi ya kupima. Mwenye shamba anunuapo majamvi na vikapu, anunue na kamba njema. Sheha, kabla ya msimu, awakusanye wakwezi na mafundi mahali pamoja, vibao na kamba zipimwe mbele ya watu. Kilichofaulu kiandikwe kwa rangi mwezi, mwaka na mzigo kilioubeba. Kilichoshindwa kikatwe vipande siku hiyo hiyo. Kisitupwe kizima, maana kitu kibovu kilichotupwa hupata mtu wa kukiokota. Kipimo kirudiwe kila msimu, na kila kibao kilipoanguka au kuachwa mvuani.

Mwalimu naye ana sehemu yake. Hesabu za wenzo na za mzigo, ambazo mtoto huziona ngumu ubaoni, huwa nyepesi zinapohusu kibao atakachosimama baba yake. Watoto na wapewe kazi ya kuhesabu madumu, kutia alama kijitini, na kuandika daftari. Mtoto aliyeandika kwa mkono wake kwamba kibao fulani kilishindwa kwa dumu la sita hatakipanda, wala hatakubali ndugu yake akipande.

Tunajua liko zuio moja kubwa kuliko ukosefu wa fedha, nalo ni aibu. Kijana aliyezoea kusifiwa kwa wepesi wake huona kwamba kufunga kamba na kupima kibao ni dalili ya woga. Twamwuliza kijana huyo swali moja. Nahodha aliyezeeka baharini, mwenye kuipitisha amari mkononi kila safari, je, ni mwoga? Walioidharau amari hawakuzeeka. Yeye amezeeka kwa sababu hakuona haya kutazama kamba yake.

Basi, enyi masheha, walimu na wazee wa Fundo na wa Pemba yote, madumu mnayo, kamba mnazijua, na maji ya bahari hayauzwi. Kabla ya karafuu kukomaa safari ijayo, kibao kimoja na kifungwe shubiri mbili juu ya ardhi, kitiwe maji, na watu wasimame wakitazame. Kikivunjika, yatamwagika maji tu.